Kisigino kilichopondeka: Tusikimbilie mkandaji, wala tusikimbilie kisu



Ndugu msomaji wa safu hii, leo tuzungumze juu ya kisigino. Najua wapo watakaosema, kisigino nacho ni cha kuandikiwa ukurasa mzima? Magonjwa makubwa yamekwisha? Lakini muulize mkwezi aliyeteleza mnazini, mchuma karafuu wa Pemba aliyekatikiwa na tawi, au fundi aliyeporomoka na jukwaa la miti kutoka ghorofa ya pili. Wengi wao hawafi. Wanatua kwa miguu, wanakaa chini, wanasema Alhamdulillah, nimesalimika. Kisha mguu unaanza kuvimba. Mwaka mmoja baadaye unamkuta mtu yule yule amekaa barazani, hawezi kwenda shamba, hawezi kupanda ngazi, na mkewe ndiye anayeamka usiku kukaanga maandazi ili watoto wale.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu ya mabishano yanayozuka majumbani kila mtu anapovunjika kisigino vibaya. Upande mmoja husema: mpelekeni kwa mkandaji, hospitali watamkata mguu. Upande wa pili, mara nyingi ndugu walioko mjini au nje ya nchi wenye uwezo wa kutuma pesa, husema: apasuliwe leo leo, gharama isiwe tatizo. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowaumiza wagonjwa. Upasuaji wa kisigino unawasaidia baadhi ya watu sana, wengine hauwasaidii, na wapo unaowadhuru. Kujua mgonjwa wenu yuko katika kundi gani kunahitaji siku kadhaa, picha nzuri, na daktari wa mifupa anayeujua mguu. Familia ikilielewa hilo, mabishano mengi yatakwisha yenyewe.

Kwanza tuujue mfupa wenyewe. Mfupa wa kisigino, ambao madaktari huuita kalkaneasi, ndio mkubwa kuliko mifupa yote ya unyayo. Nje una ganda jembamba, ndani una vitundu vitundu kama mkate wa kumimina. Juu yake umekaa mfupa mwingine, na kati ya hiyo miwili pana kiungo ambacho watu wengi hawajui kama wanacho. Kifundo cha mguu hupeleka unyayo juu na chini, lakini kiungo hiki cha chini yake ndicho kinachouinamisha unyayo kushoto na kulia. Ukitembea juu ya mawe, mtaroni, au kwenye matuta ya mihogo, kiungo hiki ndicho kinachokufanya usianguke.

Mtu anapodondoka kutoka juu, uzito wake wote hushuka kupitia ule mfupa wa juu, nao huingia ndani ya kisigino kama kabari ya kupasulia kuni. Kisigino hupungua kimo, hufupika, hutanuka upande wa nje, na ule uso laini wa kiungo hupasuka vipande. Katika kila visigino vinne vinavyovunjika, takriban vitatu huwa vimevunjika hadi ndani ya kiungo. Hao ndio tunaowazungumzia leo. Ufa mdogo usiogusa kiungo na usiohama mahali pake ni habari nyepesi, hutibiwa kwa kupumzisha mguu, na hatuna haja ya kuukalia.

(Wazungu wana jina la mzaha kwa jeraha hili. Wanauita mvunjiko wa mpenzi, yaani mtu aliyeruka dirishani mwenye nyumba aliporudi ghafla. Kwetu wanaovunjika ni watu waliokuwa juu wakitafuta riziki ya halali, basi jina hilo tuwaachie wenyewe.)

Nguvu ile ile iliyopasua kisigino haiishii kisiginoni. Hupanda juu. Takriban mtu mmoja katika kila kumi waliovunjika kisigino kwa kuanguka huwa amevunjika pia pingili ya uti wa mgongo, na takriban mmoja katika kumi huwa amevunjika visigino vyote viwili. Kwa hiyo ndugu msomaji, aliyeanguka asinyanyuliwe kwapa na miguu kama gunia la mkaa. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mgongo ukiwa umenyooka, na mkifika hospitali mwambieni daktari ameanguka kutoka urefu gani. Msiseme tu "mguu unamuuma". Wapo waliopigwa picha ya mguu mmoja, wakarudi nyumbani, na mgongo ukagundulika wiki za baadaye.

Sasa tuje kwa mkandaji. Simdharau. Wako wenye mikono mizuri kwa misuli iliyokaza na mshipa uliokazana, na bibi zetu wamepona kwao. Lakini kisigino kilichopondeka hakikandwi. Ndani mna damu inayovuja kutoka kwenye vile vitundu vya mfupa, na ngozi ya mahali hapo ni nyembamba, haina nyama ya kuikinga. Ukiikanda kwa maji ya moto na chumvi siku ya kwanza unaongeza damu na uvimbe, malengelenge yanatoka, ngozi inachubuka. Halafu daktari wa upasuaji akija kumtazama, hana mahali salama pa kupitisha kisu. Ninalolalamikia zaidi ni muda. Mgonjwa anakandwa wiki moja, anabadilishiwa mkandaji wiki ya pili, anafungwa vijiti na majani wiki ya tatu. Zikishapita takriban wiki tatu mfupa umeanza kushikana katika umbo lake lile lile baya, na kuurudisha mahali pake ni kazi ngumu mno. Mlango wa upasuaji tunakuwa tumeufunga wenyewe, kisha tunasema hospitali imeshindwa.

Na hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alishike. Mfupa wa kisigino una damu nyingi, na karibu siku zote huunga. Huunga ukipasuliwa, huunga ukifungwa plasta, huunga hata kwa mkandaji. Kwa hiyo mtu akikuambia "fulani alikandwa na mfupa ukaunga", anasema kweli, lakini hajajibu swali. Swali ni umeunga katika umbo gani. Kisigino kilichounga kikiwa kipana hakiingii kwenye kiatu, na upande wa nje hubana mishipa ya mguu dhidi ya mfupa wa kifundo. Kilichounga kikiwa kimeshuka humfanya mtu achechemee. Na kiungo kilichounga kikiwa na ngazi ndani yake, kipande kimoja juu na kingine chini, husagika kidogo kidogo kila hatua hadi maumivu yanakuwa ya kudumu.

Basi upasuaji unafanya nini? Daktari hufungua upande wa nje wa kisigino, huinua vile vipande vilivyozama, hupanga uso wa kiungo uwe sawa, hurudisha kimo na upana, kisha hushikiza kwa bamba la chuma na skrubu. Ni kama fundi anayeinua sakafu iliyodidimia, ila sakafu yenyewe imepasuka vigae na nafasi ya kuingiza mkono ni ndogo.

Kwa muda mrefu madaktari wenyewe waliliogopa jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja wa Boston, Frederic Cotton, aliona kumpasua mtu kisigino ni hatari isiyofaa, akawa anawalaza wagonjwa mguu juu ya mfuko wa mchanga na kupigapiga upande wa nje kwa nyundo, akiwa ameweka kitambaa kinene katikati, ili mfupa uliotanuka urudi ndani. Matokeo hayakuwa mazuri. Mwaka 1916 yeye na mwenzake Henderson waliandika kwa masikitiko kwamba mfanyakazi anayevunjika kisigino, kwa upande wa kazi, amekwisha. Mwaka 1931 Lorenz Böhler wa Vienna alieleza namna ya kupima kwenye picha ya eksirei pembe inayoonesha kisigino kimeshuka kiasi gani. Kwa mtu mzima pembe hiyo ni kati ya nyuzi 20 na 40, na iliyoporomoka hadi sifuri au chini yake huonesha kisigino kimebomoka. Kipimo hicho kinatumika hadi leo, na unaweza kumuuliza daktari: pembe ya Böhler ya mgonjwa wetu ni ngapi?

Mambo yalibadilika ilipokuja siti skani, mashine inayokata picha za mfupa vipande vipande kama mkate. Eksirei ya kawaida humwonesha daktari kuwa kisigino kimevunjika, lakini haimwoneshi vizuri ule uso wa kiungo. Mwaka 1993 Roy Sanders na wenzake wa Marekani walitoa mpangilio unaotegemea picha hizo, kuanzia daraja la kwanza ambapo vipande havijahama, hadi daraja la nne ambapo uso wa kiungo umesagika vipande vinne au zaidi. Daraja la pili na la tatu ndiyo yanayofikiriwa zaidi kwa upasuaji. La nne mara nyingi hata mikono hodari haiwezi kulipanga, na madaktari wengine huona bora kuunganisha ile mifupa miwili moja kwa moja iwe kitu kimoja. Mtu atapoteza ule mwendo wa kushoto na kulia, lakini atapunguziwa maumivu.

Kwa hiyo mtu akiwaambia mgonjwa wenu apasuliwe kisigino na hajapigwa siti skani, ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Zamani mashine hizi zilikuwa katika hospitali chache kubwa tu. Miaka ya karibuni zimefika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, kwa hiyo kisingizio cha umbali kimepungua. Na kwa visa vizito Tanzania ina taasisi yake ya mifupa, MOI pale Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Nimesema upasuaji hauwasaidii wote. Nisieleweke vibaya, naeleza yaliyopimwa. Mwaka 2002 madaktari wa Canada walitoa matokeo ya wagonjwa 309 waliofuatiliwa kwa miaka miwili hadi minane, baadhi wamepasuliwa na wengine hawakupasuliwa, waliogawanywa kwa kura. Ukiwatazama wote kwa pamoja, makundi mawili yalilingana. Lakini walipowachambua, waliona wanawake, vijana, wenye kazi nyepesi, na wale ambao kisigino chao hakikuwa kimeporomoka sana walifaidika zaidi na upasuaji. Aidha, wasiopasuliwa walikuwa na uwezekano mara tano na nusu zaidi wa kuhitaji baadaye operesheni ya kuunganisha kiungo kwa sababu ya kusagika.

Kisha mwaka 2014 ukatoka uchunguzi wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 151 katika hospitali 22. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana katika maumivu wala uwezo wa kutembea. Lakini waliopasuliwa, 23 katika kila 100 walipata matatizo au walilazimika kurudi tena chumba cha upasuaji, ambapo kwa wasiopasuliwa walikuwa 4 tu. Wapo waliousoma uchunguzi huo wakahitimisha kuwa upasuaji wa kisigino hauna kazi. Mimi sioni hivyo. Uchunguzi ule haukuwaingiza wale ambao kisigino kilikuwa kimeharibika umbo vibaya sana, na hao ndio hasa wanaohitaji kusaidiwa. Ninachokiona ni kwamba yule wa katikati, aliyevunjika kwa kiasi, asilazimishwe kisu kwa sababu tu pesa ipo. Kwetu kuna fikra kwamba aliyepasuliwa ametibiwa na aliyefungwa plasta ametelekezwa. Fikra hiyo tuiache. Daktari anayekwambia "huyu tusimpasue" huenda ndiye aliyemwangalia vizuri kuliko wote.

Wapo basi ambao kusubiri hakuruhusiwi hata saa moja. Kuna mvunjiko ambao kipande cha nyuma cha kisigino huvutwa juu na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu, kikaisukuma ngozi kutoka ndani. Utaiona ngozi nyuma ya kisigino imetuna, imekuwa nyeupe, kisha inageuka kuwa nyeusi. Ngozi hiyo inakufa kwa saa chache, na ikifa hubaki kidonda kikubwa juu ya mfupa mtupu. Wa pili ni mwenye jeraha lililo wazi, hata tundu dogo linalovuja damu karibu na mvunjiko, kwani uchafu umeingia ndani na anahitaji kuoshwa kitaalamu, dawa za kuua vijidudu, na sindano ya pepopunda. Wa tatu ni yule ambaye unyayo umekuwa mgumu kama jiwe, maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi. Shinikizo la damu iliyojaa ndani linabana nyama za unyayo, na lisipofunguliwa vidole vitapinda kama makucha. Hawa watatu, usiku au mchana, waondoke nyumbani muda huo huo.

Wengine waliobaki, hospitali nzuri itawaambia wasubiri. Na hapa ndipo ndugu wenye pesa wanapokasirika. Mgonjwa amelazwa, mguu umeinuliwa juu ya mito, siku ya tano hajaguswa, simu zinapigwa, watu wanataka ahamishiwe hospitali ya binafsi ambako kuna mtu amekubali kumpasua kesho asubuhi. Jamani, tulieni. Uvimbe unapaswa ushuke kwanza, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Daktari anatazama ngozi ya upande wa nje. Ikianza kuonesha mikunjo midogo midogo kama ngozi ya embe lililonyauka, hapo iko tayari. Anayepasua juu ya ngozi iliyovimba na kung'aa anaweza asiweze kuifunga tena, au akaifunga na ikafumuka. Ule mpasuko mkubwa wa kizamani wenye umbo la herufi L umekuwa na matatizo ya kidonda hadi kwa mgonjwa mmoja katika kila wanne katika baadhi ya hospitali. Siku hizi madaktari wengi hutumia mpasuko mdogo wa sentimita tatu hadi tano chini kidogo ya kifundo, na vidonda hupona vizuri zaidi, ingawa si kila mvunjiko unaweza kupangwa kupitia mlango mdogo kiasi hicho.

Kusubiri huko kuna kazi ya kufanya. Mguu ukae juu kuliko moyo, si juu ya kigoda tu wakati mtu ameketi. Sukari ipimwe, kwani wapo wanaogundulika na kisukari siku hiyo hiyo, na kisukari kisichodhibitiwa ni adui wa kidonda cha kisigino. Na sigara izimwe. Hukumu ya sigara masheikh wamekwisha kuizungumza, mimi hapa nazungumzia ngozi. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya kisigino inaishi kwa mishipa hiyo hiyo midogo. Mvutaji mwenye kisukari na jeraha lililo wazi ana hatari kubwa sana ya kidonda kuoza, na daktari akikataa kumpasua mtu wa namna hiyo amefanya haki. Ugoro na tumbaku ya kutafuna vimo humo humo. Nawaomba wanaokwenda kumtazama mgonjwa wasimpelekee pakiti kwa siri eti kumliwaza.

Muulizeni pia daktari, bila kumvunjia heshima: visigino vingapi umewahi kupasua? Kisigino si paja. Imeonekana wazi kwamba palipo na wanaopasua vichache matatizo ni mengi kuliko palipo na wanaopasua mara kwa mara. Kama jibu ni viwili au vitatu, ombeni rufaa. Daktari mwaminifu hatachukia, huenda hata akashukuru.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Apasuliwe au asipasuliwe, mgonjwa hatakanyaga mguu ule kwa wiki sita hadi kumi na mbili kama daktari atakavyomwelekeza. Miezi mitatu, ndugu msomaji. Tunapochangishana msikitini au kwenye ukoo, pesa yote hupelekwa kwenye operesheni, watu wakapeana mikono, wakatawanyika. Mwezi wa pili mgonjwa amesimama kwenye plasta kwa sababu hakuna unga ndani, skrubu zimetoka mahali pake na mchango wote umepotea. Ningependa kila mchango wa namna hii ugawanywe tangu mwanzo, sehemu ya hospitali na sehemu ya chakula na kodi ya miezi mitatu. Na kama alianguka akiwa kazini kwa mwajiri, ajali iripotiwe. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mafundi wengi na vibarua wao hawana hata karatasi ya kuonesha walikuwa wameajiriwa, na wenye majengo wanalijua hilo.

Choo nacho hakitajwi na mtu, kumbe ndicho kinachovunja masharti mengi. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Mtu mwenye mguu mmoja na magongo, sakafu imelowa, atafanyaje? Atakanyaga. Mtengenezeeni kiti cha mbao chenye tundu, kiwekwe juu ya choo, na kamba au ubao wa kushika ukutani. Fundi seremala anakitengeneza kwa siku moja. Kiti hicho, kata ya maji ikiwa karibu na mkono, kitamwezesha pia kujistanji bila kulowesha bandeji. Kidonda kisiguswe maji hadi nyuzi zitolewe, na bandeji ikilowa, ikinuka au ikitoa usaha, arudi hospitali siku hiyo. Asingoje tarehe ya kadi.

Juu ya udhu na Swala, wagonjwa wengi huhangaika na wengine huacha kuswali kabisa miezi mitatu kwa kudhani hawana twahara. Hilo si sahihi. Sheria imetoa ruhusa ya kupangusa juu ya plasta au bandeji badala ya kuosha kilichofunikwa, na asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa. Kwa baadhi ya wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, hutayamamu pamoja na kupangusa, kwa hiyo undani wake aulizwe sheikh kwa hali ya mgonjwa mwenyewe. Kikao cha Tahiyatu mguu huo usilazimishwe kupinda. Aketi kitini, anyooshe mguu mbele.

Plasta likitolewa, au hogo kama tunavyoliita mtaani, kazi haijaisha. Kiungo kimekaza, na mazoezi ya kuuinamisha unyayo kushoto na kulia yanauma, lakini bila hayo kiungo hubaki kimefungika. Uvimbe wa jioni na maumivu ya asubuhi huendelea, na hali huweza kuboreka taratibu hadi mwaka mmoja na nusu au miwili. Viatu vipana vyenye soli laini husaidia kuliko kandambili. Na baada ya yote hayo, wapo watakaohitaji operesheni ya pili, ya kutoa vyuma vinavyosugua au ya kuunganisha kiungo kilichosagika.

Wapo pia, na hili familia ilikubali mapema, ambao hawatapanda tena. Mkwezi huushika mnazi kwa unyayo unaoinama ndani, na huo ndio mwendo hasa anaoupoteza aliyevunjika kiungo cha kisigino. Kumrudisha juu mwaka wa kwanza kwa sababu msimu umeingia ni kumtafutia anguko la pili. Kuchambua karafuu kunafanyika kwa kukaa, kupima na kuandika kunafanyika kwa kukaa, kuuza mbata kunafanyika kwa kukaa. Malipo yake ni madogo kuliko ya mchumaji, na wenye mashamba ambao mtu amevunjika juu ya miti yao ndio wa kwanza wanaopaswa kuulizwa tofauti hiyo ataijazia nani.